Mama Aliyechorwa Mgongo

Jumanne nimetoka kikaoni mikono inanitetemeka hadi nikashindwa kufunga zipu ya koti. Miezi sita nimefanya kazi na familia moja ya Wakongo hapa Sheffield. Mama ameshaeleza, mimi nimeshaandika, na bado ripoti mpya ya ofisi inayoshughulikia familia hiyo imekuja na sentensi ileile ya zamani, imenakiliwa neno kwa neno: mtoto alipoambiwa achore familia yake, alimchora mama bila uso. Chini yake wameandika kwamba mahusiano ya mama na mtoto yana walakini, na kwamba suala hilo liendelee kufuatiliwa.

Mnaoishi huku mnajua uzito wa neno "kufuatiliwa". Kwetu mtoto akinyong'onyea, shangazi anakuja kumchukua, anakaa kwake wiki mbili, anakula, anacheza na wenzake, anarudi. Huku linafunguliwa faili, na mama anaanza kuogopa kila hodi mlangoni.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana nyumbani wengi hawaielewi. Ninafanya tiba kwa sanaa. Mtu au familia nzima inakaa nami mezani kwa saa moja kila wiki, kuna karatasi, rangi, udongo wa mfinyanzi, vipande vya vitambaa, na yale yasiyosemeka yanapata mahali pa kutokea. Jina la tiba hii lilitungwa hapa Uingereza mwaka 1942 na msanii Adrian Hill, aliyekuwa amelazwa sanatoria kwa kifua kikuu akagundua kuchora kunamsaidia kuliko kulala akitazama dari. Mama mdogo aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo ukakae na watoto mchore?" Nikamkumbusha matanga ya babu. Siku tatu hakutoa neno, alikaa barazani anasuka ukili tu, na siku ya nne akaongea. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nimekuelewa."

Nirudi kwenye ile picha. Niliiomba niione kwa macho yangu kabla sijaisoma kwenye ripoti ya mtu mwingine. Mtoto ana miaka saba. Kuna duara kubwa limejazwa mistari ya kahawia iliyonyooka, inatoka juu kwenda chini. Chini ya duara kuna kitenge chenye maua ya njano, na fundo kubwa kiunoni. Mtu aliyekulia kwetu anaona mara moja kwamba ile mistari ni nywele zilizosukwa. Mama hakukosa uso. Amechorwa kwa nyuma.

Siku mama alipokuja na mwanawe niliiweka mezani nikamwomba mtoto anisimulie. Hakusema. Mama akaitazama muda mrefu, kisha akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kivu: "Dada, huyu mutoto alikuwa nyuma yangu. Tulitembea usiku, alikamata kitenge yangu. Uso yangu angeionea wapi?" Akachukua penseli. Pembeni mwa kitenge, pale kinapoishia, akachora mkono mdogo wenye vidole vitano, taratibu, kidole kimoja kimoja. Mtoto akainua kichwa akasema, "Na mufuko." Akaongeza mfuko kichwani kwa mama, akaupaka rangi ya buluu kwa nguvu hadi karatasi ikataka kuchanika. Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza kuhusu safari ile tangu wafike Uingereza. (Nimebadilisha mambo mawili matatu wasijulikane, na mama mwenyewe ameniruhusu nisimulie.)

Sasa niambieni, mahusiano yenye walakini yako wapi hapo? Mtoto amechora kitu kilichomweka hai.

Njia hii ya kumwambia mtoto achore familia yake ikifanya jambo ilienezwa Marekani na Burns na Kaufman mwaka 1970. Sina ugomvi na kuchora familia, hata mimi huwa naomba michoro hiyo. Ugomvi wangu ni kuisoma picha ya mtoto wa Fizi, kule Kivu, kama dodoso la kujazwa: kiungo hiki hakipo, weka alama, rangi nyeusi imezidi, weka alama. Mtoto mwingine wa Kisomali aliandikiwa kuwa ana huzuni kwa sababu alijichora mweusi. Nilipokwenda darasani nikakuta boksi la kalamu halina kahawia hata moja. Siku hiyo nilinunua za kwangu, rangi kumi na mbili za ngozi, na natembea nazo kwenye begi mpaka leo.

Na mkalimani naye! Ofisi inaomba "Swahili", wanaletewa yeyote, kwa simu. Huyu mama alisema kwamba kila asubuhi "ninamukamata mutoto ku mukono" kwenda masomoni. Mkalimani akamtafsiria kwa neno la Kiingereza linalotumika askari anapomkamata mwizi. Kwa Wakongo kukamata ni kushika tu. Mimi Mtanga, nilihitaji wiki kadhaa kabla sikio langu halijazoea Kiswahili chao, na kila nilipokuwa na shaka niliuliza. Kuuliza hakuna gharama.

Si kila familia inataka kuchora watu, na hapo ndipo kulelewa pwani kumenifaa kuliko vitabu. Kuna Wayemeni wengi hapa, wazee wao walikuja miaka ya 1950 kufanya kazi viwanda vya chuma. Baba mmoja aliniambia kwa heshima kwamba hapendi viumbe vyenye roho vichorwe. Wenzangu wangeona ni kukataa tiba. Nikatoa kanga mbili za mama yangu, nikawaonyesha pindo, mji na jina, nikawakatia karatasi ndefu kila mmoja atengeneze ya kwake. Bibi yao, ambaye vikao vitatu vyote alikaa amevaa koti kama anayesubiri basi, alivua koti. Alijaza pindo kwa nakshi za piko, na mahali pa jina akaandika kwa Kiarabu kwamba nyumba haijawa nyumba mpaka milango yote imefunguliwa. Mjukuu wake wa miaka kumi na tano, aliyekuwa hatoki chumbani, ndiye aliyeisoma kwa sauti. Nilijivunia siku ile, sitaficha. Nilitamani mama yangu angeona kanga zake zimefika wapi.

Wadogo zangu mnaoniandikia mkitaka kuja kusomea hii kazi, njooni, tunahitajika sana, lakini mjue. Jina la kazi hii linalindwa na sheria: huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya hapa Uingereza, na ili usajiliwe lazima uwe na shahada ya uzamili inayotambuliwa, miaka miwili ukisoma muda wote. Ada ya mgeni si ya mwenyeji. Na wakati wote wa masomo wewe mwenyewe unatakiwa uwe na mtaalamu anayekusikiliza, kwa fedha yako. Mimi nililipa pauni 45 kwa saa, kila wiki, huku nikifanya zamu za usiku kulea wazee. Mnaojua kilo ya mchele Tanga ni shilingi ngapi, hesabu mnayo. Usije bila akiba, na usije ukidhani utatuma fedha nyumbani mwaka wa kwanza.

Jumatano nimeandika barua ya kurasa mbili, nimeambatisha maelezo ya mama kwa Kiswahili chake na tafsiri yangu, na nimetaka sentensi ile iondolewe. Wamenijibu kwamba wataiangalia. Nitawauliza kila wiki.

Alhamisi kilikuwa kikao chetu cha mwisho. Kazi zote za sanaa hukaa kwangu kwenye faili lao mpaka siku hiyo, halafu wenyewe wanaamua. Mama alichagua ile moja tu. Aliizungusha, akaifunga kwa kipande cha kitenge, akampa mtoto aibebe. Nikawatazama dirishani wakienda kituo cha basi. Mtoto alikuwa nyuma, mkono mmoja umekumbatia picha, mwingine umeshika koti la mama.