Mafuta Yaliyozama

Likizo moja ya chuoni niliikuta nyumba yetu ya Mkomani, Lamu, imo katika pilikapilika za harusi ya binamu yangu. Karafuu za pilau zilikuwa tele, nikamwomba Bibi anigawie kidogo niyatoe mafuta yake.

Nilizitwanga, nikazitia kwenye birika la maji, kifuniko nikakiziba kwa unga uliokandwa. Kwenye mdomo wa birika nikachomeka mrija wa shaba niliopewa na fundi wa friji, nikaupitisha ndani ya beseni la maji baridi. Yaliyodondoka kwenye gilasi yalikuwa meupe kama tui jepesi. Bibi akavuta kigoda akaketi. Haukupita muda, vitone vya manjano vikaanza kukusanyika, tena chini kabisa.

"Mbona yamezama? Mafuta si huelea?"

Swali zuri mno! Nikaokota kaa, nikamchorea sakafuni pembe sita, kila pembe chembe moja ya kaboni. Mafuta ya nazi ni minyororo mirefu iliyojaa haidrojeni, ndiyo maana ni mepesi. Haya ya karafuu sehemu kubwa ni yujenoli, pete ya kaboni sita yenye oksijeni mbili ubavuni, nayo huyashinda maji kwa uzito kidogo tu. Pete yenyewe ikiwa tupu ni benzini. Mwanasayansi Michael Faraday aliitenga mwaka 1825 kutoka kwenye mafuta yaliyobaki katika gesi ya taa, na mwanakemia August Kekulé akapendekeza umbo la pete mwaka 1865. Nikamwambia Bibi pia kwamba benzini si ya kuchezea, huharibu damu, ilhali pete hiyohiyo ikivaa chembe nyingine ubavuni hupatikana kwenye vanila, na mbili zikiungana ndiyo naftalini, vile vidonge vyeupe alivyoweka sandukuni kufukuza nondo. Hapo aligeuka kulitazama sanduku lake.

Mjomba, nahodha wa jahazi, akaingia ameshika shavu. Jego lilikuwa limemnyima usingizi. Bibi hakuningoja, alichovya ncha ya pamba kwenye kile kitone.

"Kidogo tu," akaniambia, "ukizidisha yaunguza ufizi."

Ni kweli tupu. Yujenoli hutia ganzi kwa kuzuia mshipa wa fahamu usipeleke habari ya maumivu, lakini ikiwa kali hujeruhi nyama laini. Mjomba alikula pilau usiku ule. Tundu la jino, hata hivyo, lilikuwa palepale, nikamsihi aende kwa daktari wa meno.

Akarudi akicheka. "Ee, mjomba, hata daktari kanitia karafuu!"

Nikamweleza kwamba alichozibwa nacho kwa muda ni unga mweupe wa oksidi ya zinki uliokandwa na yujenoli, na kwamba viwili hivyo vikikutana hushikana na kuwa vigumu. Akataka kujua kama unga huo unauzwa madukani. Nikamkatalia katakata, arudi kliniki akamaliziwe jino.