Lori la boksi lililotumika: nilivyochagua la kubeba karakana yangu

Kazi yangu ni kutengeneza jenereta, pampu na kompresa pale pale zilipo. Mwenye jenereta ya kuwasha jengo zima hawezi kuing'oa aniletee, kwa hiyo karakana ndiyo inayomfuata. Pikapu ilipozidiwa nilianza kutafuta lori la boksi lililotumika, na kila niliyemwomba ushauri alikimbilia kwenye injini: ya aina gani, imetembea kilomita ngapi. Mimi nilianzia kwenye mizani.

Nilipima kila nilichokuwa nabeba. Pipa la oili la lita 200, likijaa, linakaribia kilo 200 pamoja na chuma chake. Maji hayana ujanja: lita moja, kilo moja. Kompresa, mashine ya kulehemu, meza ya chuma yenye jiliwa, masanduku ya spana, vipuri, rafu zenyewe, halafu mimi na msaidizi wangu. Ikafika tani moja na nusu na ushee. Nikaongeza robo juu yake, maana zana huzaana.

Kibao kilichopigwa kwenye fremu ya mlango au kwenye chasisi huonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani gari na kila kilichomo. Toa uzito wa lori likiwa tupu. Kinachobaki ndicho chako. Ukiambiwa "hili ni la tani tatu", uliza hesabu hiyo ilifanywa kabla au baada ya chasisi kuvikwa boksi. Boksi la friji lenye kuta nene, na lifti ya nyuma, vinaweza kula mamia ya kilo kabla hujapakia hata spana moja. Kwa hesabu hiyo tu niliyaacha malori kadhaa yaliyonivutia kwa macho. Leseni nayo inaingia hapo. Katika nchi nyingi za Ulaya, kwa mfano, leseni ya gari dogo huishia kwenye kilo 3,500. Ukivuka unahitaji daraja jingine, na msaidizi wako vilevile kama ataendesha.

Wauzaji hupenda kukukaribisha kwenye kabini. Mimi niliomba nifunguliwe nyuma kwanza, nikaingia, wakanifungia humo mchana kweupe. Ukisubiri kidogo macho yazoee giza, kila tundu la paa na kila pembe iliyoachia inajionyesha kwa mwanga. Kisha sakafu. Mbao huoza kuanzia chini, juu zikionekana nzima, kwa hiyo nilikuwa nazichoma kwa bisibisi, hasa karibu na mlango na juu ya matairi. Bisibisi ikizama, jua unanunua sakafu mpya, na huenda mihimili iliyo chini yake imeshaliwa na kutu.

Urefu wa kwenda juu, ndani ya boksi, ndio niliousimamia kuliko vyote. Mtu wa kusambaza mizigo anaingia na kutoka; mimi nafanya kazi humo, na kuinama kutwa ni kujitafutia ugonjwa wa mgongo. Nilitaka mita mbili kamili. Boksi la hivyo likikaa juu ya chasisi, lori linazidi mita tatu kutoka ardhini, na jenereta nyingine zimefichwa kwenye maegesho ya chini ya majengo. Nililikubali hilo. Huko tunashuka na toroli.

Mlango wa kuviringika unafaa pasipo na nafasi nyuma ya lori, lakini ukifunguliwa unalala chini ya dari na kukunyang'anya mahali pa taa na rafu za juu. Nilichagua milango miwili ya kufunguka pembeni, ambayo kwa ndani naning'iniza nyaya na mipira ya hewa.

Kwenye chasisi nililala chini na tochi na nyundo ndogo. Kutu ya juujuu hainitishi. Inayobanduka kwa matabaka ndiyo ya kukimbia. Lori moja lilikuwa chakavu kila mahali isipokuwa chasisi, iliyopakwa rangi nyeusi mbichi. Nilipoikwaruza, nikakuta viraka vya kulehemu karibu na vishikio vya springi. Lilikuwa limebeba saruji maisha yake yote. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa muuzaji, hata kabla ya bei, likawa: lilikuwa linabeba nini? Samaki na chumvi hula chuma. Saruji na nondo huchosha springi na fremu. Fanicha hujaza boksi bila kulemea ekseli, na ndilo jibu nililokuwa nalitafuta.

Injini sikuidharau. Nilisisitiza wasiwashe kabla sijafika, na nikifika naigusa kwanza. Ikiwa ya moto, nashuku kuna mtu hakutaka nione inavyowaka ikiwa baridi. Moshi wa bluu usiokatika ni oili inayoungua. Mweusi ukikanyaga mafuta, tazama nozeli na chujio la hewa. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, fikiria gasketi ya silinda hedi. Nilifungua pia kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: mvuke kidogo ni kawaida, ukipuliza kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka. Kilomita za dashibodi sikuzipa uzito mkubwa, kwa sababu lori la kazi huweza kusimama linanguruma nusu siku bila namba kusogea. Mpira wa pedali uliolika husema zaidi. Malori ya karibuni yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi niliyakwepa: kichujio hicho kinahitaji mwendo mrefu ili ekzosi ipate joto la kuyachoma masizi, nami safari zangu ni fupi.

Yakabaki mawili, yote malori madogo ya Kijapani ya ukubwa wa Isuzu Elf na Mitsubishi Fuso Canter. La kwanza lilikuwa linang'aa, boksi refu, na dalali mwenye haraka: "Bosi, kesho hulikuti." La pili lilikuwa la fanicha, boksi fupi lenye mikwaruzo, na daftari la matengenezo lenye mafuta ya vidole. Boksi refu lilining'inia mno nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukipakia vizito huko, mbele hunyanyuka na usukani kuwa mwepesi. Nilichukua la fanicha.

Bei niliishusha kwa matairi. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, iliyopigwa ubavuni mwa tairi, husema wiki na mwaka lilipotengenezwa: 3219 ni wiki ya 32 ya 2019. Ya nje yalikuwa mapya, ya ndani, ambayo watu hawainami kuyatazama, yalikuwa wazee.

Kama malori mengi ya Kijapani ya ukubwa huu, lilikuwa la volti 24, na taa zangu za kazi ni za 12. Nilifunga kibadilishaji cha kushusha 24 kuwa 12. Kuchomoa volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili ni rahisi, ila betri hizo huishia kuchajiwa kwa usawa usiolingana na kufa mapema.

Baada ya kufunga rafu nililipeleka kwenye mizani, ekseli moja moja. Jumla ilikuwa ndani ya kibao, lakini ekseli ya nyuma ilikuwa imebakiza kidogo sana. Pipa la oili likahamia mbele, nyuma tu ya kabini, na mabomba mepesi yakachukua nafasi yake karibu na mlango.