Barua kutoka Uingereza na injini ya mashua

Hii stori nimekaa nayo wiki mbili sasa, leo nimesema lazima niiandike maana najua sio nyumba moja tu hapa Malindi imeletewa barua kama hii, na kuna wazazi saa hizi ninavyoandika wanatafuta cha kuuza.

Mimi nasaidia kufundisha timu ya vijana, jioni tuko uwanja wa Alaskan, mnaopita pale mnatuona. Kuna kijana wetu anacheza winga ya kulia, ana miaka 17, jina lake naliacha. Mashallah mpira anaujua. Alhamisi moja usiku akanipigia, sauti inatetemeka, "Kochi, nimeitwa Uingereza." Nikajua ni utani wa vijana. Kesho yake nikapita kwao Muyeye, mamake akanitilia chai na mahamri, na kabla sijamaliza kikombe cha kwanza simu ishawekwa mkekani, pidiefu iko wazi.

Barua ilikuwa nzuri wallahi. Nembo ya klabu juu, muhuri mwekundu chini, sahihi mbili, jina la kijana limeandikwa sawasawa mpaka la babu yake. Inasema wameona klipu zake mtandaoni, wamempenda, mshahara wa wiki umetajwa, nyumba yao, chakula chao, tiketi yao. Halafu ukurasa wa pili kule chini ndo kuna ile yenyewe: shilingi 185,000 za "kushughulikia viza na bima", zitumwe kabla ya Ijumaa kwa M-Pesa, kwa namba ya mtu anayejiita wakala wao wa Afrika Mashariki. Babake ni mvuvi. Alikuwa ashamwita mtu aje aangalie injini ya mashua. Na kijana mwenyewe alikuwa ashanunua koti la mitumba, zito, la baridi, limetundikwa kwenye msumari ukutani na joto lile la Muyeye.

Nikawauliza swali moja. Kwenye hii barua mdhamini ni nani? Mamake akasema, "Si klabu, mwalimu?" Nikamwambia basi mama, mbona anayetakiwa kutoa pesa ni mvuvi?

Na hapo ndo nataka mnielewe vizuri, kwa sababu watu wengi neno udhamini tunalisikia tu kama karatasi ya kupandia ndege. Kule Uingereza udhamini ni mzigo na mwenye kuubeba ni klabu. Tangu Oktoba 2021 kuna njia moja ya viza kwa wanamichezo na makocha wa kulipwa kutoka nje, na inaanzia kwa klabu, haianzii kwako. Klabu kwanza iwe na leseni ya kudhamini kutoka serikalini, na hiyo leseni yenyewe haipati bila chama kinachosimamia mchezo kuikubali. Mpira wa miguu ni FA, kriketi ni ECB, raga ya kule England ni RFU, kila chama na vigezo vyake. Halafu chama hicho hicho kiidhinishe na mchezaji mwenyewe, kwamba ni mtu wa kiwango cha juu kabisa au akija ataongeza kitu cha maana kwa mchezo wa nchi yao. Kocha ni hivyo hivyo, wanataka awe na sifa za ile kazi. Yote hayo yakipita ndo klabu inatoa cheti cha udhamini, na sikiliza hapa, cheti hicho sio karatasi. Ni rekodi kwenye mtandao wa serikali, unachopewa wewe ni namba tu. Kwa hivyo yule mtu aliyetumwa cheti cha udhamini chenye muhuri mwekundu na utepe wa dhahabu, hicho alichotumiwa sicho.

Na klabu haimalizi kazi siku umetua. Usipofika kazini inatakiwa iripoti, ukikosekana siku kumi za kazi mfululizo bila ruhusa inatakiwa iripoti, mkataba ukivunjika iripoti, isipofanya hivyo leseni yake iko hatarini. Mtu mwenye mzigo wa namna hiyo hawezi kukuokota kwenye klipu ya sekunde thelathini halafu akuambie tuma M-Pesa kabla ya Ijumaa.

Sisemi kuwa mchezaji halipi kitu. Kuna ada ya viza, kuna ada ya afya ambayo ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa aliye chini ya miaka 18, na ukitoka Kenya kwa zaidi ya miezi sita lazima upimwe kifua kikuu kwenye kliniki waliyoikubali wao. Pia uonyeshe akiba ya pauni 1,270 iliyokaa kwenye akaunti siku 28, isipokuwa klabu iseme itakusimamia yenyewe. Lakini hizo ada za viza na afya unazilipa kwenye ombi lako, kwenye tovuti ya serikali yao, ukishakuwa na ile namba. Haziendi kwenye simu ya mtu.

Basi tukaenda saiba, mimi na kijana na mamake, boda mbili. Serikali ya Uingereza inaweka wazi orodha ya wenye leseni za kudhamini, bure, mtu yeyote anaifungua, ina jina la klabu au kampuni, mji, daraja la leseni na aina ya viza wanayoruhusiwa. Ni faili refu sana, simu yangu iligoma ndo maana tukaenda saiba. Tukatafuta jina la ile klabu mara tatu, tukabadilisha herufi, mamake amesimama nyuma yetu ameshika mkoba kwa mikono miwili. Klabu ipo kweli duniani, ni ya daraja la chini huko, ina uwanja, ina picha. Kwenye orodha haipo. Tukawaandikia kwa anwani iliyoko kwenye tovuti yao wenyewe, sio ile ya kwenye barua, siku ya tatu wakajibu mistari miwili: hiyo barua sio yetu na sisi hatuna leseni ya kudhamini mtu.

Kijana hakusema neno. Siku mbili hakuja mazoezi.

Alivyorudi nikakaa naye pembeni ya uwanja nikampa habari ya Mariga, maana hawa wa sasa hawaijui. Januari 2010 McDonald Mariga alikuwa Parma, Italia, mchezaji kamili, na Manchester City walimtaka, pesa wanayo. Kibali kikakwama. Wakati ule kigezo kilikuwa timu ya taifa lako iwe ndani ya nafasi 70 za juu za FIFA na Kenya ilikuwa nje huko mbali, mpaka waziri mkuu wetu wa wakati huo Raila Odinga akaingilia na bado dili halikufanyika. Mariga akaenda Inter Milan, na Mei mwaka huo huo Inter wakabeba kombe la mabingwa wa Ulaya. Mtu wa kiwango hicho, na klabu tajiri hivyo nyuma yake, sheria ilimsimamisha mlangoni. Sasa baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya ni pointi, kuanzia Januari 2021: wanahesabu mechi zako za timu ya taifa, nafasi ya taifa lako, ligi unayocheza, dakika ulizocheza, ufikishe 15. Kuna nafasi chache za vipaji wasiofikisha, lakini hizo nazo ni klabu ya ligi za juu inakuombea kwa FA. Winga wetu hajacheza ligi yoyote zaidi ya ya kaunti. Sikumwambia hivyo kumvunja moyo, nilimwambia ajue mlango uko wapi na anayebisha ni nani.

Tena kuna hili la umri ambalo lingetosha peke yake kuimaliza ile barua. FIFA hairuhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhama nchi kwa ajili ya mpira, ni kifungu cha 19 cha kanuni zao za uhamisho. Kuna milango midogo, kwa mfano wazazi wahamie kule kwa sababu zao zisizohusu mpira, au mtoto anaishi karibu na mpaka, nyumbani kwake na klabu kila kimoja kisizidi kilomita 50 kutoka mpakani, kama mtoto wa Lungalunga na timu ya Horohoro, ng'ambo Tanzania. Mtoto wa Muyeye kwenda England peke yake na miaka 17, hapana. Na sheria hii mimi naipenda, nasema wazi. Wako vijana wa Afrika walioachwa kwenye miji ya Ulaya hawana klabu hawana tiketi ya kurudi, kwa sababu mtu alichukua pesa za mama zao.

Sasa upande wa pili, maana hapa nyumbani pia tunajifanya hatuoni. Malindi Waitaliano tunao miaka na miaka, na kuna mzee mmoja, mtu mwema sana, alifundisha watoto mpira kwao zamani, akaja kwetu akasema nataka kuwafundisha bure jumatatu na jumatano. Watu wakafurahi. Mimi nikauliza kibali, nikaonekana mtu mbaya. "Si anajitolea tu, kibali cha nini?" Jamani, mgeni aliyeingia kama mtalii hana ruhusa ya kazi, ya kulipwa wala ya kujitolea. Sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inasema faini mpaka shilingi 500,000 au jela mpaka miaka mitatu, au vyote, na aliyemwajiri naye ana kesi yake. Anayetakiwa kuomba kile kibali, kama ni daraja D la ajira au ile spesho pasi ya muda mfupi, sio mzee wa watu, ni sisi timu. Ndo pale pale, mdhamini anabeba.

Mtu akaniambia barazani mbona kocha wa Harambee Stars, timu yetu ya taifa, ni mgeni, Benni McCarthy ni wa Afrika Kusini na yuko kazini tangu 2025. Nikamwambia nyuma yake kuna federesheni yenye jina, ofisi na mkataba. Nyuma ya mzee wetu kuna nani? Tulipotoa mafaili ndo tukagundua timu yenyewe haina cheti cha msajili wa michezo, na Sheria ya Michezo ya 2013 inataka kila klabu isajiliwe. Miaka yote hii tunakusanya watoto wa watu pale uwanjani na mbele ya sheria hatupo. Hatuwezi kudhamini hata mtu wa kutubebea koni. Hilo liliniuma kuliko ile barua.

Na kutosajiliwa kunatugharimu hata pale mambo yakienda sawa. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake kuisha, FIFA inataka asilimia 5 ya ile pesa igawiwe timu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Kila msimu wa miaka 12 mpaka 15 ni robo asilimia ya bei, wa 16 kwenda juu ni nusu asilimia. Chukua mfano kijana kauzwa shilingi milioni kumi, msimu mmoja wa miaka 16 ni 50,000, timu ya mtaani inanunua mipira na nyavu. Lakini wanaangalia kumbukumbu za usajili za federesheni, jina la timu liko au haliko. Kumbukumbu zetu sisi ni daftari la kurasa mia na picha za WhatsApp.

Kwa hivyo tumeanza. Katiba ya timu imeandikwa, imepigwa chapa, viongozi wamechaguliwa kwa kura pale pale uwanjani, mzee Mwitaliano amekaa kwenye kiti cha plastiki akiangalia na kasema atangoja mpaka kibali kitoke. Wachezaji tunawajazia fomu mmoja mmoja na kila mmoja lazima alete cheti cha kuzaliwa, na hapo kuna kazi, wengine hawajawahi kukiona.

Ijumaa ile iliyotajwa kwenye barua nilirudi Muyeye kwa ajili ya fomu ya winga wetu. Mamake akatoa mkebe wa biskuti uvunguni, ndani kuna vitambulisho, risiti za shule, na elfu arobaini alizokuwa ashachukua kwenye chama. Akazihesabu tena mbele yangu akazifunga na mpira, zinarudi kwa mweka hazina jioni ile ile. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa chini kabisa, kimekunjwa mara nne. Tukakinyoosha, kijana akanakili namba mwenyewe, polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la tatu. Koti bado liko ukutani. Nikauliza babake yuko wapi atie sahihi, wakaniambia alitoka na alfajiri, samaki wanapatikana wiki hii, injini iko mahali pake kwenye tezi.