Wanne kwenye karatasi

Ratiba ya zamu ya jana jioni kwenye makao yetu ya matunzo inasema tulikuwa wahudumu wanne. Ni kweli, tulikuwa wanne. Ila mmoja alikuwa amemsindikiza mkazi hospitalini, wa pili kashika jikoni maana mpishi hakutokea, wa tatu alikuwa anagawa dawa, kazi ambayo hutakiwi kuitwaitwa ukiifanya. Wakazi 12 waliokuwa ukumbini wakabaki na mimi. Mkaguzi akija ataona majina manne na saini nne, ataandika "inatosha".

Nilikuwa namlisha mama mmoja mwenye shida ya kumeza. Kijiko kidogo, kidevu kishuke kidogo, unamtazama kooni mpaka ameze, ndipo uchote kingine. Ukimharakisha anapaliwa, na chakula kikiingia njia ya hewa huenda kikaleta nimonia. Sahani moja inaweza kumaliza nusu saa. Huku nyuma kuna anayeomba kupelekwa msalani, na kumtoa kwenye kiti kwa mashine ya kunyanyulia kunahitaji watu wawili. Nikamwambia asubiri. Akasubiri, kisha akaacha kuomba.

Watu wakisikia wahudumu ni wachache huwaza ajali. Ajali zipo, na vidonda vya kulalia vipo pale mtu asiyeweza kujigeuza anapokosa wa kumgeuza usiku. Lakini mara nyingi uchache hauachi alama. Mtu anayejua haja yake anavalishwa nepi. Mtu mzima analazwa saa kumi na mbili jioni kwa sababu zamu ya usiku ina wawili tu. Kuna mzee aliniambia, "Dada, mechi bado," nami tayari nilikuwa namfunika shuka.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 19, unampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Mwaka 2017 kamati inayousimamia ilifafanua kwamba hata nyumba ndogo inaweza kuwa taasisi, na kati ya dalili ilizotaja ni kulazimishwa kugawana msaidizi na wengine, na ratiba isiyojali matakwa ya mtu. Nikisoma hayo naiona jioni yangu yote. (Wakubwa wetu wanapenda kusema hapa ni "kama nyumbani". Nyumbani kwao nani hulazwa saa kumi na mbili?)

Uwiano wa mhudumu mmoja kwa wakazi kadhaa haunipi raha, kwa kuwa anayekula mwenyewe na anayelishwa wote huhesabiwa mmoja mmoja. Kwenye kikao cha Alhamisi nitaomba tuhesabu mahitaji, saa kwa saa, hasa alfajiri ya kuogesha na jioni ya kulisha. Najua jibu litakuwa bajeti. Basi kwenye daftari la kukabidhiana zamu iongezwe safu moja: nani kalazwa mapema, na kwa nini.