Siku moja maishani mwangu: vitambaa vya chai na ukuta wa magunia

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa soko la Gikomba, Nairobi, nikitafuta magunia yaliyochakaa ya kugeuza plaiwudi kuwa ukuta wa udongo. Gunia jipya linang'aa, na hakuna ukuta wa udongo unaong'aa. Mimi ni mbunifu wa jukwaa. Nikisema hivyo, wengi hudhani napamba harusi.

Siku hiyo tulikuwa tunarekodi tamthilia ya Kiswahili kwa ajili ya shule zilizo mbali, zisizomudu nauli ya kuleta wanafunzi Nairobi. Sebule niliyoijenga ilikuwa na watazamaji wa aina mbili: aliyeketi safu ya mwisho ukumbini, na kamera inayoweza kusogea mpaka kwenye kitasa cha mlango. Wa kwanza anahitaji vitu vikubwa vinavyoonekana kwa mbali. Wa pili hasamehi hata kichwa cha msumari. Metropolitan Opera ya New York ilianza mwaka 2006 kurusha opera moja kwa moja kwenye kumbi za sinema, na wabunifu wa huko nao hujengea macho hayo mawili. Sisi hutumia plaiwudi, gunia, gundi nyeupe na unga wa mbao.

Kufikia saa sita mchana fundi na vijana wake walikuwa wamesimamisha kuta tatu, mlango na dirisha. Tukanywa chai, tukaendelea.

Saa nane kamera zikawashwa. Msimamizi wa mradi akaviona vitambaa vya kochi, vile vya kroshia. Usiku uliotangulia nilikuwa nimevichovya kwenye sufuria ya chai ya rangi iliyokolea.

"Madam, hivi ni vichafu. Mama gani atawatandikia wageni hivi?"

Nikamweleza. Kitambaa cheupe pepe chini ya taa kali hugeuka doa la mwanga. Maua yote ya kroshia hupotea. Mpigapicha akipunguza mwanga ili kukiokoa, uso wa mwigizaji aliyeegemea hapo unazama gizani. Ngozi zetu ndizo zinazoumia kwanza, na nimeshachoka kuwaona waigizaji wazuri wakibaki macho na meno tu. Hakukubali. Akamtuma kijana akanunue vyeupe mjini, sisi wote tukakaa tukingoja. Foleni ikamla kijana saa nzima na zaidi. Waigizaji wakavua maleba kwa joto. Fundi akaja kuniuliza taratibu, "Madam, bado tu?"

Vilipofika nikatandika cheupe kochi moja, cha chai kochi la pili, nikamwomba mama mwigizaji aketi hapa, kisha pale. Msimamizi akaitazama skrini kwa muda mrefu.

"Weka vya chai."

Lakini skrini ile ile ilinionyesha jambo ambalo macho yangu yalikuwa yamelikosa: mstari ulionyooka kama rula katikati ya ukuta, mbao mbili zilipokutana. Udongo hauna rula. Tukapasua magunia vipande, tukapaka gundi, tukamwaga unga wa mbao, tukangoja, tukapaka rangi, tukangoja tena, feni mbili zikipuliza. Sikuangalia saa tena. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu.

Giza lilikuwa limeingia zamani tulipoanza kurekodi. Katika onyesho la kwanza mama akashika ukuta kwa kiganja, pale pale kwenye kiungo. Kamera ikasogea karibu kabisa, ikatulia hapo. Fundi, aliyekuwa amesimama kando yangu, akanifinya mkono.