Siku bibi alipoifunika kompyuta kanga

Mwaka 2017 nlikuwa nachora ramani ya ufukwe wa Tanga mjini kwa mradi mmoja wa wavuvi, nikakwama kwenye mstari wa pwani. Picha moja ya satelaiti inaonyesha maji yapo kwenye mikoko, nyingine tope limeenda mbali huko, nikifuata hii nimefuta sehemu watu wanakotembea, nikifuata ile nimeandika nchi kavu mahali ngalawa zinapita. Siku tatu nipo kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani, nachora nafuta, nachora nafuta, nalala saa tisa usiku.

Siku ya nne natoka kuoga nakuta bibi kaifunika kompyuta kwa kanga kama anafunika maandazi. "Mjukuu wangu, umekonda. Nenda ufukweni Sahare kaniletee samaki, changu." Bibi habishiwi, nikachukua baiskeli hao Sahare.

Nafika saa nne, kumbe bamvua, maji yametoka yote, ngalawa zipo nje kule zinasubiri, hamna samaki mpaka yarudi. Nikakaa chini ya mvinje. Mwanzo roho ikaniuma kweli na kazi yangu, baadae nikaacha hata kuwaza.

Kuna mama alikuwa anaokota tondo, wale konokono wa kwenye tope la mikoko, kaweka ndoo ya njano topeni, kainama. Maji yakaanza kurudi, akaisogeza hatua mbili, yakaja mpaka pale ilipokuwa, akaisogeza tena. Nimeiangalia ile ndoo sijui muda gani. Saa kumi maji yameshika mizizi ya mikoko na ngalawa zinaingia juu ya palepale alipokuwa anaokota.

Ndo ikaniingia. Natafuta mstari mmoja na mstari mmoja haupo, lipo eneo zima la zamu, asubuhi la mama, jioni la ngalawa. Na nlikuwa najua kabisa ramani za baharini za Uingereza zinapaka kijani sehemu inayokauka maji yakipwa, nimeziona mara ngapi, ila siku tatu za kukodolea skrini halijanijia, limekuja nimekaa tu miguu mchangani. Maofisini wanahesabu saa za kwenye kompyuta, zile za chini ya mvinje hawazihesabu, na mie naona wanakosea sana.

Changu alipikwa na nazi, kompyuta nikaiacha kwenye kanga yake mpaka asubuhi. Kulipokucha nikachora mistari miwili, wa kujaa na wa kupwa, katikati nikapaka kijani, juu yake nikaandika: tondo.