Nilivyoacha kuzijaza insha wino mwekundu

Muhula wangu wa kwanza kama mkufunzi msaidizi chuoni nilikabidhiwa insha 64. Nikasahihisha kila kosa: tahajia, koma, hoja, marejeo. Insha moja ilinila karibu saa nzima, na bado wanafunzi walitazama alama tu, wakakunja karatasi. Iliniuma sana, maana nilitaka waandike vizuri.

Kilichosaidia kwanza ni kuweka kalamu chini. Nasoma insha kumi bila kuandika chochote, ndipo naanza kutoa alama. La sivyo wa mwanzo na wa mwisho hawapimwi kwa kipimo kimoja. Jina nalifunika. Kisha nachagua mambo mawili tu ya kutolea maoni, hoja kabla ya sarufi. Badala ya "haieleweki", safari hii niliandika: "Aya ya pili unasema bei ya korosho ilishuka, ya tatu unasema wakulima walinufaika. Walinufaikaje?" Kosa la sarufi linalojirudia nalipigia mstari mara moja, mengine ayatafute mwenyewe.

Sasa insha moja ni dakika 15. Na yule wa korosho alikuja ofisini, aya ya tatu ameiandika upya, akitaka tuisome pamoja.